Rejista ya barua za wajumbe wa Marekani na Ufaransa, 1775–1783: shajara ya mradi

Januari. Mipaka ya kazi

Mradi huu unakusudia kutengeneza rejista ya Kiswahili ya barua zilizopita baina ya wajumbe wa Marekani walioishi Ufaransa, Wizara ya Mambo ya Nje ya Ufaransa iliyokuwa Versailles, na wawakilishi wa Ufaransa waliopelekwa Philadelphia, tangu makoloni ya Uingereza huko Amerika yalipoanza kutafuta rafiki ng'ambo ya bahari katika vita vyao vya uhuru hadi mkataba wa amani ulipotiwa saini Paris tarehe 3 Septemba 1783. Kila barua inapewa mstari wake kwenye jedwali: nani aliiandika, kwa nani, lini, ilisafiri kwa njia gani, iliandikwa wazi au kwa maandishi ya siri na, jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niishike kazi hii, ilimfikia lini yule aliyeandikiwa.

Mikusanyo mikubwa ya barua hizi ipo siku nyingi. Jared Sparks alichapisha mabuku 12 mwaka 1829 na 1830, akizipanga kwa mjumbe mmoja mmoja. Francis Wharton alifuata mwaka 1889 na mabuku 6 yaliyofuata tarehe za kuandikwa. Tangu mwaka 2013 Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani imeziweka mtandaoni bila malipo barua za Franklin, Adams na wenzao pamoja na maelezo ya wahariri, na bila hazina hiyo mtu anayefanya kazi mbali na Washington na Paris asingeweza hata kuanza. Hata hivyo, msomaji anayezipitia kwa tarehe za kuandikwa huona barua mbili zimekaa ukurasa mmoja akadhani waandishi walikuwa wakizungumza. Ukweli ni kwamba kila upande wa bahari mara nyingi ulikuwa ukijibu hali ya miezi miwili au mitatu iliyopita, na baadhi ya maamuzi makubwa ya vita vile yalifanywa na watu ambao maagizo yao yalikuwa bado baharini, au yalikwishaingia mikononi mwa adui. Kwa sababu hiyo rejista inapangwa kwa tarehe ya kupokelewa, na tarehe ya kuandikwa inakaa katika safu ya pili.

Mwanzo wake ni tarehe 29 Novemba 1775, siku ambayo Kongresi ya makoloni iliunda Kamati ya Mawasiliano ya Siri. Benjamin Franklin, John Dickinson, John Jay, Benjamin Harrison na Thomas Johnson walikabidhiwa kazi ya kuandikiana na marafiki wa makoloni waliokuwa Uingereza, Ireland na kwingineko duniani. Ufaransa haikutajwa kwa jina, ingawa ndiyo iliyokuwa ikifikiriwa.

Februari. Bonvouloir na Deane

Mistari ya mwezi huu ni michache, ila imechukua muda mrefu kuthibitishwa, kwa sababu kila aliyehusika alijitahidi asiache karatasi nyuma yake.

Julien Achard de Bonvouloir alifika Philadelphia Desemba 1775 akijitambulisha kuwa mfanyabiashara wa Antwerp. Hakupewa hati yoyote ya serikali, maana Comte de Vergennes, waziri wa mambo ya nje wa Mfalme Louis XVI, alitaka awe na nafasi ya kumkana ikiwa angekamatwa. Alikutana na kamati usiku, katika jengo la Carpenters' Hall, na taarifa yake ya tarehe 28 Desemba inaeleza kwamba kila mmoja alikwenda mkutanoni gizani kwa njia yake mwenyewe. Taarifa hiyo haikuandikwa moja kwa moja kwa Vergennes. Iliandikwa kwa balozi wa Ufaransa aliyekuwa London, Comte de Guines, ambaye ndiye aliyekuwa kiungo cha safari ile. Kwa hiyo siri ya Ufaransa kuhusu makoloni ya Uingereza ilipitia katika mji mkuu wa Uingereza. Katika safu ya njia nimeandika vituo vyote vitatu, Philadelphia, London na Versailles, kwa sababu kuandika mwanzo na mwisho peke yake kungeficha jambo lenye uzito kuliko yote katika barua hiyo.

Silas Deane wa Connecticut alipewa maagizo yake Machi 1776. Alitakiwa ajifanye mfanyabiashara anayetafuta bidhaa za kuuzwa kwa wenyeji wa asili wa Amerika, na aombe silaha, nguo na mizinga ya kutosha jeshi la watu 25,000. Alifika Paris Julai. Sasa tazama tarehe nyingine: tarehe 2 Mei 1776 Louis XVI alikwisharidhia livre milioni 1 (livre ni fedha ya Ufaransa ya wakati huo) zitolewe kwa siri kwa ajili ya makoloni, fedha ambazo zilipitia mikononi mwa mwandishi wa tamthilia Beaumarchais na kampuni yake ya bandia iliyoitwa Roderigue Hortalez. Hispania nayo ilitoa kiasi kama hicho. Uamuzi wa kusaidia ulikwishafanyika kabla mwombaji hajakanyaga Ufaransa, na barua nzito alizoandika Deane kuanzia Julai, zilizojaa hoja za kuishawishi serikali ile, zilikuwa zikiushawishi mlango uliokwisha funguliwa nusu. Anayesoma kwa tarehe za kuandikwa humsifu Deane kwa ushawishi wake. Mimi namsifu kwa kazi aliyoifanya baadaye, ya kutafuta bidhaa, merikebu na watu wa kuzipakia, ambayo ilikuwa ngumu zaidi na haikumletea shukrani.

Barua yake iliyo muhimu kuliko zote haikumfikia. Kamati ilimwandikia tarehe 8 Julai 1776 ikimjulisha kwamba makoloni yametangaza uhuru, na kumwagiza aiarifu rasmi serikali ya Ufaransa. Barua ilipotea njiani. Ya pili, ya tarehe 7 Agosti, ilimfikia Novemba. Katikati hapo magazeti ya Ulaya yalikwishachapisha Azimio la Uhuru, na Deane akawa mjumbe wa dola ambayo kila mtu Paris alijua imezaliwa, ila yeye hakuwa na karatasi ya kulisema hilo. Rejista ina mstari wa barua ya 8 Julai, na safu ya kupokelewa imeandikwa "haikufika". Nimeamua mistari ya aina hii isiondolewe kamwe, kwa sababu barua isiyofika ilitenda kazi katika historia sawa na iliyofika.

Machi. Barua ilivyosafiri

Nimeutumia mwezi mzima kujaza safu za njia na maandishi, na naandika hapa utaratibu wenyewe ili msomaji wa jedwali asishangae kuona barua moja ina mistari minne.

Barua yoyote ya maana ilinakiliwa mara kadhaa, na kila nakala ikapanda merikebu yake, pengine kutoka bandari tofauti: Nantes, Le Havre, Bordeaux. Manowari za Uingereza zilizagaa kwenye njia zote, na nahodha aliyebeba kifurushi alikuwa na amri ya kukitupa baharini kikiwa kimefungwa uzito mara tu atakapoona hawezi kuponyoka. Amri ile haikutimia vizuri sikuzote. Henry Laurens, aliyekuwa rais wa Kongresi na sasa anakwenda Uholanzi kama mjumbe, alikamatwa karibu na Newfoundland tarehe 3 Septemba 1780. Mfuko wake wa karatasi ulitupwa, lakini uzito haukutosha, ukaelea, na mabaharia wa Uingereza wakauopoa kwa ndoana. Ndani mlikuwa na rasimu ya mkataba iliyoandikwa na watu wa Amsterdam. Laurens alifungwa katika Mnara wa London, na Desemba mwaka uleule Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Uholanzi, ikizitaja karatasi hizo kuwa miongoni mwa sababu. Laurens hakuwa njiani kwenda Ufaransa, lakini mstari wake nimeuweka, kwa kuwa vita hivyo viliibadilisha kabisa hesabu ya Vergennes.

Kuhusu maandishi ya siri, Deane alitumia wino usioonekana uliotengenezwa na daktari James Jay, ndugu yake John Jay. Mwandishi aliandika barua ya kawaida ya biashara kwa wino mweusi, kisha akaandika habari yenyewe kwa wino ule kwenye nafasi iliyobaki, na mpokeaji akaipaka dawa ya pili ili maneno yajitokeze. Barua zilizofika Philadelphia zilibidi zipelekwe kwa John Jay ziibuliwe, na muda huo nao ni wa kuhesabiwa. Franklin kwa upande wake alitumia mfumo wa Charles Dumas, rafiki yake aliyekuwa The Hague. Walichukua kipande cha nathari ya Kifaransa na kukipa kila herufi na kila alama nambari yake kwa mfuatano, mpaka 682. Herufi inayotokea mara nyingi ikawa na nambari nyingi za kuchagua, hivyo jasusi asingeweza kuikisia kwa kuhesabu ni nambari ipi inajirudia. Ni mfumo wa usalama wa kutosha, lakini wa polepole mno, na ukiziangalia karatasi zenyewe utaona kwa nini Franklin aliwahi kuandika mambo mazito waziwazi: kila neno lilidai utafutaji wa herufi moja moja, na makarani wake walikuwa wachache.

Aprili. Karatasi tupu, na chupa ya Tuileries

Mstari wa Folger ndio ambao wenzangu wa mradi wameubishania zaidi, na nina sababu ya kuueleza kwa urefu.

Oktoba 1777 wajumbe watatu wa Marekani mjini Paris, yaani Franklin, Deane na Arthur Lee, walifunga kifurushi cha taarifa zao za miezi kadhaa, wakakitia lakiri na kumkabidhi John Folger akipeleke Kongresi. Kabla hajaondoka Le Havre, nahodha mmoja wa Maryland aitwaye Joseph Hynson, aliyekuwa ameaminiwa na Deane lakini analipwa na Uingereza, alizitoa barua ndani na kutia karatasi tupu mahali pake. Folger alivuka bahari na mzigo ule bila kujua. Januari 1778 aliufikisha York, Pennsylvania, mahali Kongresi ilipohamia baada ya Waingereza kuichukua Philadelphia, na wajumbe waliofungua lakiri kwa hamu ya habari za Ufaransa wakakuta kurasa nyeupe. Folger alitiwa kizuizini akahojiwa, kisha akaachiwa. Barua zenyewe zilikuwa London zikisomwa.

Ubishi wetu ulihusu safu ya mpokeaji. Mwenzangu mmoja alitaka barua hizo ziandikwe "haikufika", kama ile ya Deane. Mimi nilishika msimamo kwamba zilifika, ila kwa mtu mwingine, na kwamba Kongresi nayo ilipokea kitu, yaani karatasi tupu, na kitu hicho kilikuwa na athari yake: kiliacha baraza zima katika giza wakati wa majira ya baridi magumu ya vita vile. Tumekubaliana kuongeza safu mpya inayoitwa "aliyeisoma kwanza". Safu hiyo sasa ndiyo inayosomwa kwanza na kila anayeonyeshwa jedwali.

Inajazwa kwa jina la Edward Bancroft mara nyingi kiasi cha kuhuzunisha. Daktari huyu mzaliwa wa Massachusetts, rafiki wa Franklin na mwanafunzi wa zamani wa Deane, alifanya kazi ya katibu katika nyumba ya wajumbe huko Passy, nje kidogo ya Paris, huku akiwa jasusi wa Uingereza. Makubaliano yake na Paul Wentworth, wakala wa ujasusi wa Uingereza, ya Desemba 1776 yamehifadhiwa. Bancroft aliandika habari kwa wino usioonekana kati ya mistari ya barua za mapenzi, akazitia ndani ya chupa, akaziba chupa na kuifunga uzi shingoni, na kila Jumanne baada ya saa tatu na nusu usiku chupa ikasukumwa kwenye tundu chini ya mti fulani wa bustani ya Tuileries, upande wa kusini, ncha ya pili ya uzi ikiwa imefungwa kwenye kijiti kilichochomekwa ardhini. Mtu wa ubalozi wa Uingereza alikuja kuichukua na kuacha nyingine. Ushahidi huo ulikaa kwenye makabrasha ya Uingereza hadi mwishoni mwa karne ya 19, na Franklin alifariki mwaka 1790 bila kuujua.

Lazima niongeze jambo ambalo jedwali haliwezi kulionyesha. Mfalme George III alikuwa akiletewa habari za Bancroft na mara nyingi hakuziamini, kwa kuwa alijua mtu huyu hucheza na bei za hisa sokoni, na alishuku kwamba habari za vita zinapikwa kwa faida hiyo. Barua ilifika haraka, ikasomwa, na bado haikumsaidia aliyeilipia.

Mei. Mkataba wa 1778

Habari ya kujisalimisha kwa Jenerali Burgoyne wa Uingereza huko Saratoga, tarehe 17 Oktoba 1777, ilifika Passy tarehe 4 Desemba ikiletwa na Jonathan Loring Austin kutoka Boston: siku 48. Kuanzia hapo mambo yalikwenda kwa kasi ambayo rejista yenyewe inaonyesha, kwa kuwa watu wote walikuwa ndani ya Paris na Versailles na barua zilichukua saa chache. Tarehe 17 Desemba Conrad Alexandre Gérard, karani mkuu wa Vergennes, aliwaarifu wajumbe kwamba mfalme amekusudia kuutambua uhuru wao. Tarehe 8 Januari 1778 aliwauliza ni jambo gani litawatosha wasisikilize tena maneno ya amani kutoka Uingereza. Tarehe 6 Februari mikataba miwili, wa urafiki na biashara na wa ushirika wa kivita, ilitiwa saini Paris katika Hôtel de Coislin.

Hapo nawaomba wasomaji wa jedwali watazame mistari miwili iliyowekwa jirani. Wa kwanza: nakala ya Bancroft kwenda London, ambayo yeye mwenyewe baadaye alijivunia kwamba ilifika ndani ya saa 42 tangu mkataba kutiwa saini. Wa pili: nakala ya Simeon Deane, ndugu yake Silas, iliyobebwa na manowari ya Ufaransa La Sensible na kufika mbele ya Kongresi huko York tarehe 2 Mei. Ni siku 85. Karibu miezi mitatu adui wa mkataba aliujua na mwenye mkataba hakuujua, na katika muda huo serikali ya Lord North, waziri mkuu wa Uingereza, iliharakisha bungeni miswada yake ya mapatano na kuandaa tume ya kwenda Marekani kuizuia Kongresi isiukubali mkataba ambao Kongresi haikuwa na habari kwamba upo. Kongresi iliuridhia tarehe 4 Mei, siku mbili baada ya kuupokea. Wanahistoria husifu haraka ile. Nami naisifu, na najua iliwezekana kwa sababu masharti yalikuwa mema kuliko walivyotarajia.

Kifungu cha 8 cha mkataba wa ushirika nimekitilia alama nyekundu, kwa ajili ya miaka itakayofuata: upande wowote usifunge amani wala kusimamisha vita na Uingereza bila kupata kwanza ridhaa rasmi ya mwenzake.

Juni. Adams na Vergennes, majira ya joto ya 1780

Barua hizi hazikuvuka bahari. Zilitoka Paris hadi Versailles, umbali ambao tarishi mwenye farasi huumaliza kwa saa chache, na ukaribu huo ndio uliozidisha ubaya. John Adams alikuwa amerudi Ufaransa akiwa na mamlaka ya kujadili amani siku itakapowezekana, naye hakuweza kukaa bila kazi. Kongresi ilipoamua tarehe 18 Machi 1780 kwamba dola 40 za noti zake zihesabiwe kuwa sawa na dola 1 ya fedha, Vergennes alitaka wafanyabiashara Wafaransa walipwe kwa thamani kamili. Adams alimjibu Juni kwa barua ndefu ya kuutetea uamuzi wa Kongresi, kisha Julai akamwandikia mfululizo kuhusu manowari na mwenendo wa vita. Tarehe 29 Julai Vergennes alimaliza mjadala: mfalme hakuhitaji kuombwa na Adams ili ayashughulikie maslahi ya Marekani, na tangu sasa wizara itapokea barua za Franklin peke yake.

Hoja za Adams kuhusu nguvu za majini zilikuwa sahihi, na ushindi wa Yorktown ulizithibitisha mwaka uliofuata. Tatizo lake ni kwamba alimwandikia waziri wa nchi mhisani kama wakili anayemhoji shahidi. Franklin, aliyeombwa na Vergennes aipeleke Kongresi mlolongo mzima wa barua, aliupeleka pamoja na yake ya tarehe 9 Agosti akieleza kwamba Adams ameudhi. Adams hakumsamehe. Na athari zikaonekana Philadelphia, ambako Chevalier de La Luzerne, mwakilishi wa Ufaransa, aliishawishi Kongresi impunguzie Adams mamlaka: maagizo ya tarehe 15 Juni 1781 yaliongeza wajumbe wengine wa amani na kuwataka wasifanye lolote bila ujuzi na ridhaa ya wizara ya Ufaransa. Hivyo uzi unatoka kwenye barua za Julai 1780 hadi kwenye amri ambayo, mwaka uliofuata, wajumbe wenyewe waliamua kuivunja.

Agosti. Desemba 1782

Hii ndiyo sehemu iliyonivuta kwenye mradi tangu mwanzo, na nimeipa nafasi kuliko sehemu yoyote.

Kwanza kuna barua ya Septemba. François Barbé-Marbois, katibu wa La Luzerne, alikuwa ameandika kwenda Versailles tarehe 13 Machi 1782 akipendekeza njia za kuyazima madai ya Wamarekani juu ya uvuvi wa Newfoundland. Waingereza waliinasa barua hiyo, wakaifumbua, na Septemba wakampatia John Jay nakala mjini Paris kwa kujua vizuri itamfanya nini. Siku zilezile Gérard de Rayneval, ndugu wa Gérard aliyetia saini mikataba, alisafiri kimya kwenda Uingereza kwa waziri mkuu Lord Shelburne. Jay aliunganisha mambo mawili akaamini kwamba Ufaransa inajadili kwa siri dhidi ya Marekani. Barua ile ilikuwa halisi. Mpaka leo inaonekana kuwa maoni ya katibu kuliko sera ya waziri, lakini Jay hakuwa na njia ya kupima hilo, na aliyempa alimpa kwa wakati aliouchagua.

Tarehe 30 Novemba 1782 Franklin, Adams, Jay na Laurens, ambaye alikuwa ameachiwa kutoka Mnara wa London, walitia saini na Richard Oswald, mjumbe wa Uingereza, makubaliano ya awali ya amani. Ufaransa haikuonyeshwa vifungu kabla ya kutiwa saini. Wajumbe walijikinga kwa sharti kwamba mkataba hautakuwa na nguvu mpaka Uingereza na Ufaransa nazo zielewane, na kwa herufi ya kifungu cha 8 walikuwa salama, ingawa kwa maagizo ya Juni 1781 hawakuwa salama hata kidogo.

Vergennes hakupaza sauti mara moja. Aliandika tarehe 15 Desemba, baada ya Franklin kumwarifu kwamba merikebu iitwayo Washington ipo tayari kuondoka kwenda Marekani na hati ya usalama kutoka kwa mfalme wa Uingereza. Alisema hajui aueleze vipi mwenendo wa Franklin na wenzake, ambao wamemaliza vifungu vyao bila mawasiliano yoyote ingawa Kongresi imewaagiza wasifanye kitu bila mfalme kushirikishwa. Kisha sauti inashuka, na hapo ndipo ukali wake ulipo: "Wewe ni mtu mwenye hekima na busara, bwana, unaelewa vema adabu inadai nini, umetimiza wajibu wako maisha yako yote." Baada ya hapo anamwomba afikiri atautimiza vipi wajibu alio nao kwa mfalme. Hakuna tusi wala tishio. Amemweka mzee wa miaka 76 mbele ya sifa zake mwenyewe na kumwuliza zimekwenda wapi.

Jibu la Franklin ni la tarehe 17 Desemba, na katika barua zote nilizokwisha ziingiza sijaona iliyopangwa kwa ustadi zaidi. Anaanza na merikebu, kama mtu anayejibu jambo la kawaida la ofisi. Anasema hakuna kilichokubaliwa kinyume cha maslahi ya Ufaransa, na kwamba amani haitakuwapo kati yao na Uingereza mpaka Ufaransa imalize yake. Halafu anakiri, lakini anakiri kosa dogo: kwa kutoshauriana kabla ya kutia saini, wamepungukiwa katika jambo la adabu. Kosa la kisiasa limegeuzwa kuwa kosa la tabia njema, na kosa la tabia njema huombewa radhi likaisha. Anatumaini kazi kubwa iliyokaribia kukamilika, yenye utukufu kwa enzi ya mfalme, haitaharibiwa na uzembe wao wa mara moja, kisha anaongeza kwamba jengo zima litaanguka mara moja ikiwa Vergennes atakataa kuendelea kuwasaidia kwa sababu hiyo. Nguvu ya barua imewekwa mwishoni. Waingereza, anasema amepata habari sasa hivi, wanajipa moyo kwamba wamekwisha wagawanya. Anatumaini kutoelewana huku kudogo kutabaki siri kamili, ili Waingereza waone wamekosea kabisa.

Nimeisoma sentensi ile mara nyingi nikiwa na ile ya Vergennes pembeni. Inaomba siri kutoka kwa mtu aliyefichwa siri, na haiwezi kukataliwa, kwa maana anayeikataa atakuwa anatimiza shabaha ya adui. Na nyuma yake kuna ombi la fedha, maana mkopo mpya wa livre milioni 6 ulikuwa mezani. Vergennes alimwandikia La Luzerne kwa uchungu tarehe 19 Desemba kwamba, kwa kupima yajayo kwa yaliyotokea, Ufaransa italipwa vibaya kwa yote iliyoifanyia Marekani. Hata hivyo mkopo ulipita, na merikebu Washington iliondoka na livre 600,000 za kwanza.

Septemba. Mwisho wa rejista

Washington, chini ya nahodha Joshua Barney, ilifika Philadelphia tarehe 12 Machi 1783. Makubaliano ya awali yalikuwa na umri wa siku 102. Robert Livingston, katibu wa mambo ya nje wa Kongresi, alisoma masharti akayafurahia, kisha tarehe 25 Machi akawaandikia wajumbe kuwakemea kwa kuficha mambo mbele ya rafiki aliyewafadhili. Kwa hiyo lawama ya kutoka nyumbani iliandikwa wakati ambapo Vergennes, aliyekosewa, alikwisha kunyamaza na kulipa.

Mradi ulikusudiwa kufungwa na barua ya mwisho iliyopokelewa kabla ya tarehe 3 Septemba 1783. Nimependekeza kwa wenzangu, nao wamekubali, kwamba mpaka usogezwe mbele. Wajumbe walimjibu Livingston kwa pamoja tarehe 18 Julai wakijitetea kwamba walikuwa na sababu ya kutoiamini nia ya Ufaransa kuhusu uvuvi na mipaka, lakini wakati huo Livingston alikuwa amekwisha jiuzulu, tangu Juni, na habari hiyo haikuwa imevuka bahari. Utetezi wao uliandikiwa ofisi isiyo na mtu. Aliyechaguliwa Mei 1784 kuikalia ofisi hiyo, na kushika kazi Desemba mwaka huohuo, alikuwa John Jay, mmoja wa walioitia saini barua yenyewe. Katika safu ya mwandikiwa tumeacha jina la Livingston, na mstari wa Jay kushika ofisi ndio tumeufanya wa mwisho katika jedwali.